Kunyosha, kwa O Moja

Muhula uliopita basi la shule yetu liligongwa ubavuni, na fundi akaitwa aje kulitengeneza pale nyuma ya jikoni. Fundi mwenyewe sikumwona. Nilikuwa darasani, dawati la mwisho karibu na dirisha, harufu ya fila iliponifikia. Kama huijui, inafanana na rangi ya kucha, lakini ina utamu fulani mbaya ndani yake, na ikiingia kooni haitoki. Fila ni ule uji wa kijivu ambao mafundi wa bodi huchanganya na dawa nyekundu wakapaka mahali gari imebonyea. Unakauka, unapigwa msasa, unapakwa rangi, na wewe unapita hapo ukisema gari ni safi. Nilifunga dirisha. Mwenzangu akaniuliza kama nasikia baridi. Nikasema ndiyo, kwa sababu mimi ni mtu wa kusema ndiyo ili maswali yaishe. Nje jua lilikuwa linawaka mpaka kunguru wamekaa kimya.

Chini ya dawati, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshakunja kidole na kuanza kubisha mbao.

Sijui nyinyi wa rika langu mlilelewa na maneno gani. Mimi nililelewa na neno kunyosha. Mwalimu wetu wa Kiswahili hulisahihisha kila akiliona, anaongeza o ya pili kwa wino mwekundu. Lakini lile la o mbili ni la nguo na miguu. La kwetu lilikuwa na o moja, na lilikuwa la gari na la watu.

Baba alikuwa fundi wa bodi pale Kitengela, kwenye uwanja nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, upande ambao malori ya kwenda Namanga yanapita yakitetemesha vikombe. Nikitoka shule, darasa la tatu hivi, nilikuwa naenda kwake kwanza, kwa maana Mama alishona sare sokoni hadi jioni. Nilikuwa na kiti changu, kiti cha mbele cha gari ambayo haikuwepo tena, na hapo ndipo nilifanyia kazi ya nyumbani. Baba alikuwa na vumbi la fila hadi kwa kope. Akicheka, meno yake yalionekana ya manjano kwa sababu uso wote ulikuwa mweupe.

Nilipenda kumwangalia akinyosha. Anaingiza mkono mmoja nyuma ya bati na chuma kizito, anashika. Mkono wa pili una nyundo. Anapiga mbele, kwa chuma kile, na bati katikati haina pa kukimbilia. Polepole kile kishimo kinapanda, kinapanda, mpaka mlango unakuwa mlango tena. Siku moja nilimwuliza kama chuma huumia.

"Chuma haiumii, mwaitu," akasema. "Chuma inatii."

Aliniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa kuwa niliitwa Mwende kwa ajili ya mama yake. Hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo, na nilijiona mkubwa.

Ni yeye alinifundisha kubisha. Kunja kidole cha kati, gonga kwa kifundo, sikiliza. Bati safi hulia ngii. Mahali pana fila hulia bu. Alinipitisha gari nzima namna hiyo, ngii, ngii, bu, na akaniambia kuwa mwenye gari hudanganya na rangi hudanganya, ila sauti haijui kudanganya. Kisha akanionyesha nguzo, ile sehemu kati ya mlango wa mbele na wa nyuma inayoshikilia paa. Hapo kukilia bu, alisema, hiyo gari ilivunjika kiuno. Usinunue. Utainyosha na siku moja itarudi ilikotoka, na wewe uko ndani.

Basi nikawa mtu wa kubisha. Nilibisha sufuria, mtungi wa gesi, paji la uso wangu mwenyewe.

Nyumbani neno lilikuwa lile lile. "Nitakunyosha," Baba alimwambia Mama, mara chakula kimechelewa, mara amesalimiana na mtu kwa kucheka. Na akafanya alichosema. Alikuwa anamsukuma hadi ukutani, akimshika kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine, na hata sasa nikiandika najua nilikuwa nimeona namna ile ya kushika mahali pengine. Mama hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu anayebeba gunia. Mimi nilikuwa chini ya meza na daftari langu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Sikumchukia Baba. Nilidhani anamtengeneza. Asubuhi yake nilikuwa namchunguza Mama nikitafuta mahali palipokuwa pamebonyea jana, nione kama pamepanda. Nilichoona ni pamevimba, nikafikiri labda ndivyo kazi inavyoanza. Jumapili moja kabla ya kanisa alikuwa mbele ya kioo akijipaka poda kwa shavu, tabaka juu ya tabaka, akiisawazisha kwa kidole mpaka ile zambarau ikapotea. Nikamwendea nikakunja kidole nikagonga lile shavu, polepole. Lililia bu. Nilimwambia, Mama, hapa ni fila. Alicheka kwanza. Alicheka vizuri kabisa. Kisha akakaa kitandani na ikabidi ajipake upya.

Habari ya gari ya 504 ilikuja na mteja. Kulikuwa na watu wa Nairobi walioanza kupenda gari za zamani, zile babu zetu walizipanda wakiwa vijana, na Baba alikuwa amemnyoshea mmoja wao gari kama hiyo. Yule mtu alipokuja kuichukua aliinama akaibusu. Baba alirudi nyumbani akituonyesha alivyobusu. Kutoka siku hiyo hakuongea kitu kingine. Alijua 504 moja huko Kajiado, ile ndefu ya nyuma kama sanduku, ya mfanyabiashara wa mifugo, imelala miaka. Ataifufua. Ataiuza kwa watu wanaobusu. Au asiiuze, awe anabeba maharusi nayo, yeye mwenyewe kwa usukani na suti. Alisema amechoka kunyosha gari za watu, na mikono yake haijawahi kutengeneza kitu ambacho ni chake.

Ila ilibidi kuuza ploti. Na ploti, iliyoko upande wa Isinya, ilikuwa ya Mama. Aliipata na chama chake cha washonaji, karatasi ina jina lake, na bila sahihi yake haiuziki. Alikuwa ameshazungushia miche ya mnyaa kama ua. Jioni nyingine alichora nyumba yake kwa mgongo wa kalenda, vyumba viwili na dirisha la kushonea. Wiki hiyo alinyoshwa Jumanne, akanyoshwa Alhamisi. Ijumaa alisema ataweka sahihi, lakini kwanza aione gari kwa macho yake.

Tulienda Jumapili, na pikapu ya kuazima, mimi katikati. Baba alikuwa ameoga mpaka shingo inang'aa. Alimwonyesha Mama swala njiani kama mtu anayechumbia.

Mwenye gari aliitwa Mzee Abdi, mtu mrefu wa ndevu zilizotiwa hina, familia yake ya kutoka Garissa lakini yeye amekaa Kajiado mpaka anasalimia Kimaasai. Alitupa chai ya maziwa ya ngamia. Mama alikunywa, mimi nilijifanya nakunywa. Kisha akatupeleka nyuma, kando ya zizi la mbuzi, akavuta turubai.

Ilikuwa ya rangi ya maziwa iliyochoka. Kuku mmoja alitoka ndani kwa dirisha akilalamika. Sikujua gari inaweza kuwa na uso wa huzuni mpaka nikaona zile taa za mbele zilizoinama kama macho ya mtu aliyetoka kulia. Na Baba, huyu Baba wangu, alifungua kiganja akakipitisha kwa paa, kwa mlango, kwa ule mgongo mrefu, taratibu, bila kubonyeza. Sikuwahi kumwona akigusa kitu namna hiyo. Nilisikia wivu. Nadhani Mama pia alisikia, kwa sababu aliangalia kando, kwa mbuzi.

Baba na Mzee Abdi wakafungua boneti. Mimi nilienda upande wa kushoto, ule wa ukutani, nikabisha. Sikutumwa. Ilikuwa tabia tu.

Bu.

Nikasogea. Bu. Mlango wa nyuma, bu. Paa kwa pembeni, bu. Nikafika kwa nguzo nikabisha mara tatu kwa sababu sikuamini, na ikalia kama kubisha ugali uliolala. Nikamwangalia Baba. Alikuwa amenisikia. Alikuwa amesimama na kifuniko cha betri mkononi, ananiangalia, na kichwa chake kilisogea kidogo sana, upande mmoja, upande wa pili. Hapana.

Nikafikiri anakataa gari. Nikafikiri ananiambia, umefanya vizuri mwaitu, hatununui. Kwa hiyo Mama aliponiuliza mbona uso umekuwa hivyo, nilimjibu kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo tangu siku hiyo.

"Kiuno kimevunjika. Ni bu mpaka kwa nguzo."

Mbuzi walikuwa wanatafuna. Mama akamgeukia Mzee Abdi akamwuliza, kwa heshima, kama hii gari imewahi kuanguka.

Mzee alimtazama Baba. "Fundi hakuuliza," akasema. "Nilijua ameona, yeye ni fundi. Lakini wewe umeuliza, mama, na mimi siwezi kuuza kitu na aibu yake nimeificha. Iliviringika na ndugu yangu huku mbele ya Bissil. Mara mbili. Yeye alitoka. Gari ikanyoshwa."

"Itanyoka tena," Baba akasema. "Niko na mikono."

"Mimi siweki sahihi," Mama akasema.

Alisema hivyo mbele ya mwanaume mwingine, kwa kiwanja cha mwenyewe, kikombe cha chai bado mkononi. Mzee Abdi alivuta turubai juu ya gari kama anayefunika maiti, akatutakia safari njema.

Baba alituendesha tukapita Kajiado yote. Alisimamisha pikapu mbele kidogo, mahali ambapo hakuna nyumba, ni miiba na nyasi kavu na nguzo za stima. Ilikuwa saa nane hivi, jua juu kabisa. Alishuka, akazunguka, akafungua mlango wa Mama, akamtoa kwa nywele.

Sitaandika yote. Nitaandika sauti. Alimwegemeza kwa ubavu wa pikapu, akamshika kifuani kwa mkono wa kushoto, akapiga kwa wa kulia, na kila alipopiga pikapu ilicheza na mimi ndani nikacheza nayo. Nilikuwa nasikia kupitia bati. Nilikuwa nangoja ngii. Nawaambia ukweli, nilikaa pale nikingoja, kwa sababu Baba alikuwa akipiga muda mrefu kuliko siku zote na niliona lazima sasa inakaribia kunyoka. Ilikuwa bu. Bu, bu, bu. Halafu kiatu chake kikaanza, na hicho hakikuwa na sauti ninayoweza kuandika. Kioo cha upande wa Mama kilipata matone. Ndipo nilipojua kwamba mtu halii ngii. Hata ukimpiga mpaka kesho. Mtu hana bati ndani.

Na nilijua pia ni mimi niliyesema.

Wanawake watatu walitoka kwa nyasi na punda zao, wamebebesha mitungi ya maji. Walikuwa Wamaasai, wa makamo, mmoja amefunga leso ya kijani kichwani. Huyo ndiye aliyeita kwanza. "Tapala!" Acha. Baba akageuka, jasho linamtoka, akamwambia apite na punda wake, haya ni mambo ya nyumba yake.

Yule mama aliangalia kulia. Akaangalia kushoto, barabara tupu mpaka mwisho.

"Nyumba iko wapi?" akauliza. "Hii ni barabara."

Na akampiga na fimbo ya punda kwa sikio.

Wengine hawakungoja kuitwa. Walimzunguka. Fimbo za punda ni nyembamba na zinapinda, zinapiga vuu, na mahali zinapoangukia panafunguka. Baba aliinua mikono wakapiga mikono. Akainama wakapiga mgongo mpaka shati la Jumapili likafanya mistari. Alijaribu kumshika mmoja, wa leso ya kijani akampiga kwa magoti akaanguka, na wakaendelea pale chini, bila kelele, bila hasira hata, kama wanaotwanga. Vumbi likapanda. Punda walisimama wakingoja. Mimi nilikuwa nimebana pua kwa kioo chenye damu na nilikuwa nafurahi, na katikati ya furaha hiyo nilikuwa nawaza, kwa akili ya darasa la tatu, kwamba sasa Baba ananyoshwa. Ananyoshwa na watu watatu. Akisimama atakuwa safi.

Ni Mama aliyewazuia. Alikuwa amekaa chini, anashikilia mbavu, akasema kwa mdomo uliovimba, "Muacheni, mama. Nani atatuendesha?"

Wakacheka. Mama pia akacheka, damu ikatoka kwa meno. Wakamfungulia mtungi mmoja akanawa, na alipomaliza alisema ashe, yaani asante, ambalo ndilo neno pekee la Kimaasai alilokuwa nalo. Baba aliendesha hadi Kitengela na sikio limekatika kwa juu. Nilimgusa mkono mara moja alipobadilisha gia, nione. Ulikuwa mkono tu.

Siku kadhaa alikuwa mpole. Alikuwa anaosha sahani. Nilianza kuamini. Lakini pale gereji mafundi wenzake waliona lile sikio, na Kitengela habari haikosi miguu. Wakaanza. Fundi, nani alikunyosha? Fundi, walitumia nyundo ngapi? Mmoja alimletea fimbo ya punda, akamwambia aiweke na vifaa vyake. Yeye alicheka nao, na Ijumaa saa saba mchana alikuja sokoni kwa kibanda cha Mama na nyundo ya mpira. Ile ni nyundo ya kumalizia. Hutumika mwisho, kwa sababu haiachi alama kwa bati. Alimpiga nayo mara moja, kwa taya, mbele ya cherehani, na sare ya shule ya mtoto wa mtu mikononi mwa Mama.

Sikuwa hapo. Nilikuta kibanda kimefungwa na chini pamemwagwa mchanga. Mama alipotoka hospitalini taya imefungwa na waya, hatukurudi nyumbani. Tulienda Tuala kwa mamangu mdogo, tukakaa huko, Mama akinywa uji kwa mrija na kushonea kitandani. Ploti hakuuza. Chumba kimoja cha mabati kilisimamishwa hapo, tukahamia, na mnyaa sasa umenipita kwa urefu.

Likizo iliyopita, baada ya ile harufu ya basi, Baba alikuja.

Tulisikia injini kwanza, sauti ya chini, tulivu. Majirani walitoka kuangalia. Ilikuwa 504, rangi ya maziwa mabichi, inang'aa mpaka miti inapita ndani yake. Aliinunua baada ya yote, kwa kuuza vifaa vyake vyote isipokuwa vya kunyoshea, na akakaa nayo miaka hiyo yote. Alishuka amevaa suti. Nywele zimeingia mvi na lile sikio bado lina pengo. Mama alimtazama kutoka mlangoni, akarudi ndani kwa sahani yake ya githeri, akaacha mlango wazi.

"Mwambie mama yako nimekuja kuwachukua," akaniambia. "Mwambie nimenyoka, mwaitu. Nilijinyosha."

Nilifanya ninachojua. Nilienda upande wa kushoto. Nikakunja kidole.

Ngii.

Mlango wa nyuma, ngii. Paa kwa pembeni, ngii. Nikafika kwa nguzo na moyo wangu ulikuwa unaomba, kweli ulikuwa unaomba, nipe bu, hata moja. Ikalia ngii, safi kama kengele. Alikuwa ameikata yote iliyooza. Alikuwa ameweka bati mpya kutoka juu hadi chini, akachomelea kwa mkono wake, na hakuna mtu duniani angejua ilivunjika.

"Hakuna fila hata kijiko," alisema nyuma yangu. "Umesikia?"

Nilisikia. Na nilisikia pia, kupitia mlango ulioachwa wazi, Mama akitafuna. Taya yake haikukaa sawa tena. Kila akitafuna inasema tik. Nimeizoea, hata siisikii siku nyingine, lakini siku hiyo niliisikia kutoka nje kabisa.

"Gari imepona, Baba," nikasema.

Akatabasamu, akangoja niendelee. Nilipita kando yake nikaingia ndani, nikavuta mlango nyuma yangu, nikakaa mbele ya Mama, nikachukua kijiko changu.

Mlango wetu ni wa bati tupu, haujawahi kupakwa kitu. Alipobisha ulilia ngii.

Mama alitafuna. Tik. Akanisogezea chumvi.

Baba akabisha tena.